"Hiyo haimo kwenye mkataba"

Mzee wetu, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, leo nimeona nami nikuandikie. Ni msimamizi wa ofisi yenye watu 14. Funguo zote ziko kwangu, na kila kinachoharibika huhesabiwa kuwa changu pia. Kinachoninyima usingizi sasa ni mashine ya fotokopi.

Ina miaka sita. Tangu Januari imeharibika mara tano. Karatasi zinakwama, hasa Jumatatu asubuhi: inavuta mbili kwa pamoja, ya tatu inaikunja, inasimama. Pia inaacha mstari mweusi mwembamba kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Huo mstari nimeuchunguza. Nikipitisha karatasi kwenye kifuniko cha juu kinachovuta chenyewe, unatokea. Nikilaza karatasi kwenye kioo kikubwa, hautokei. Na tangu mwezi uliopita kuna nukta ndogo nyeusi zinazojirudiarudia upande wa kulia.

Fundi amekuja mara zote tano. Anafungua, anapuliza, anabadili kitu, nasaini karatasi yake, anaondoka. Wiki iliyopita amesema dramu na fyuza zimekwisha, zibadilishwe zote mbili. Nikamkumbusha kwamba tuna mkataba wa sevisi. Akajibu, "Dada, hiyo haimo kwenye mkataba." Makadirio aliyotuletea ni karibu theluthi mbili ya bei ya mashine iliyotumika ya aina hiyohiyo. Siku mbili baadaye akapiga simu mtu wa mauzo wa kampuni yao. Anatushauri tuachane na hii, tuingie mkataba mpya wa kukodi mashine kwa miaka mitano, na kinachobaki kwenye mkataba wa zamani "kitaingizwa humohumo, hamtakisikia".

Mkataba ulisainiwa na aliyenitangulia. Nimeukuta nyuma ya kabati, kurasa tisa za maandishi madogo. Nilichoelewa ni hiki: tunalipia kopi zisizopungua 6,000 kila mwezi hata tukitoa chache; fundi atafika ndani ya saa 8 za kazi; bei inapanda asilimia 10 kila mwaka; unaisha Novemba 30, na tusipotoa taarifa siku 90 kabla, unajirefusha wenyewe kwa mwaka mwingine. Mita ilisoma 398,210 mwaka ulipoanza. Leo, mwisho wa Juni, inasoma 421,010.

Bosi anasema mashine inaharibiwa na uzembe wetu. Ameagiza mlinzi aizime ukutani kila jioni. Wenzangu inapokwama wanageuka kunitazama mimi. Juzi tumechelewa kupeleka zabuni kwa sababu kopi hazikutoka, na jina lililotajwa kikaoni lilikuwa langu.

Niitengeneze, ninunue nyingine, au nikubali huo mkataba mpya? Na je, tunaibiwa?

Mtunza Funguo

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilitengeneza mashine hizi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kushika safu hii, na ofisi zilizonieleza tatizo kama ulivyolieleza wewe, kwa namba za mita na kwa mahali hasa mstari unapotokea, hazikuwa nyingi. Nusu ya majibu unayo tayari. Acha nikuoneshe yalipo.

Nianze na mstari, maana huo unaweza kuondoka leo hii bila kumwita mtu. Dramu, yaani silinda inayobeba picha ya ukurasa na kuihamishia kwenye karatasi, ni moja tu ndani ya mashine yenu ya nyeusi na nyeupe. Ukurasa uliolazwa kwenye kioo, uliopitishwa juu au uliotumwa kutoka kwenye kompyuta, wote hupita kwenye dramu hiyohiyo. Mstari wa dramu ungejitokeza kote. Wa kwenu unatokea kwa njia moja tu, basi chanzo chake kiko kwenye njia hiyo. Inua kifuniko. Pembeni ya kioo kikubwa utaona ukanda mwembamba wa kioo, upana wake kama kidole. Karatasi inayovutwa juu hupita hapo huku jicho la mashine limetulia chini yake. Chembe moja ya gundi au ya wino mweupe wa kusahihishia ikiganda hapo, jicho linaiona tangu mwanzo wa ukurasa hadi mwisho, na chembe inageuka mstari. Kwenye kioo kikubwa jicho ndilo linalosafiri, kwa hiyo uchafu wa namna hiyo hubaki nukta.

Zima mashine. Kilowanishe kidogo kitambaa laini kisichoacha nyuzi kwa dawa ya kusafishia vioo. Usiinyunyize kwenye kioo chenyewe, itapenya kingoni. Futa ule ukanda, kisha pitisha ncha ya kidole. Chembe yenyewe mara nyingi huioni, unaihisi tu. Endelea kuifuta mpaka usiihisi tena. Nilipokuwa fundi mchanga nilibadili dramu ya ofisi moja kwa sababu ya mstari kama huu. Mstari ukabaki palepale. Mkubwa wangu wa kazi akaja, akafuta ukanda mara moja, ukaisha. Ofisi ile ililipia dramu ambayo haikuihitaji, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana naanza nalo.

Karatasi za Jumatatu nazo zina habari yake. Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Zikikaa kwenye trei tangu Ijumaa, zinalegea, zinajikunja kingo na kugandana, ndipo mashine inavuta mbili badala ya moja. Toa zinazobaki kwenye trei kila Ijumaa jioni, zirudishe kwenye karatasi ya rimu, uzifunge. Rimu isiyofunguliwa usiiweke sakafuni wala kuiegemeza ukutani. Unapopakia, pepeta bunda kwanza, usivuke alama iliyochorwa ndani ya trei, na visogeze vizuizi vya pembeni viguse karatasi bila kuzibana.

Na hapa agizo la bosi linaweza kuwa linawadhuru. Baadhi ya mashine zina kipasha joto kidogo karibu na trei, kinachofanya kazi usiku mashine ikiwa imelala, hasa kwa ajili ya kufukuza huo unyevu. Mlinzi akizima ukutani, kipasha joto kinakufa. Tena mashine yenye diski ndani inatakiwa izimwe kwa swichi yake na iachwe imalizie kujifunga, kama kompyuta. Kuikatia umeme ghafla kila jioni ni kuitafutia ugonjwa mwingine. Mwulize fundi kama yenu ina kipasha joto na kama kimewashwa. Ikiwa bosi anaogopa hitilafu za umeme, hofu hiyo ni ya haki, ila dawa yake ni kifaa cha kuzuia umeme unaoruka, kinachoweza kubeba mzigo wa mashine hiyo. Msiichomeke kwenye betri ndogo za kulinda kompyuta. Fyuza, yaani sehemu inayogandisha wino kwenye karatasi kwa joto, inapopasha moto hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ya kompyuta haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukishafanya hayo na bado inavuta mbilimbili, tazama rola za mpira zinazovuta karatasi. Zikichakaa hung'aa na kuwa ngumu kama soli ya kiatu cha zamani. Kuzifuta kwa kitambaa chenye unyevu huzirudishia nguvu kwa siku kadhaa. Kuzibadili ndiyo tiba, na ni miongoni mwa spea za bei nafuu zaidi kwenye mashine nzima. Waambie pia wenzako: karatasi iliyokwama huvutwa kwa mikono miwili, polepole, kufuata uelekeo iliokuwa ikienda. Wasichokonoe kwa mkasi au kisu. Nimeona dramu nyingi zikiuawa na mkasi.

Sasa nukta. Hizi ndizo zinazonifanya nisimtupie fundi wako lawama zote. Kinachojirudia kwa umbali uleule kinatoka kwenye kitu kinachozunguka, na ukurasa mmoja wenye nukta tatu ni ushahidi tosha. Kwanza chapisha ukurasa mweupe kutoka kwenye kompyuta. Nukta zisipoonekana, rudi kwenye usafi wa vioo. Zikionekana, chukua rula, pima kutoka nukta moja hadi inayofuata, kwa milimita. Dramu yenye kipenyo cha milimita 30 huacha alama kila milimita 94 hivi, kwa sababu huo ndio mzunguko wake. Rola ya fyuza ina mzunguko wake, rola ya kuhamishia wino ina wake. Kitabu cha mafundi cha kila mashine kina jedwali la umbali huo. Mwambie fundi, "Nukta zimeachana milimita kadhaa, kwenye jedwali lako hiyo ni sehemu gani?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa hivyo. Ikiwa ni dramu, amesema kweli, kwa maana uso wa dramu ukijeruhiwa hauzibwi.

Lakini fyuza? Hapo nina mashaka. Fyuza ndiyo inayoyeyusha tona, yaani wino wa unga, na kuikandamiza kwenye karatasi, kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Ikichoka inajitangaza: kopi inafutika ukiisugua kwa kidole, karatasi zinatoka na mikunjo, kivuli cha maandishi kinajirudia chini ya ukurasa, au mashine inakataa kupata moto na kuonesha namba ya hitilafu. Hujaandika hata moja kati ya hayo. Inawezekana fundi ameona kitu ndani ambacho wewe huwezi kukiona, au amesoma kwamba kopi zilizopangiwa fyuza hiyo zimetimia. Sehemu hizi kila moja ina hesabu yake ndani ya mashine, na hesabu hizo huchapishika. Mwombe akuchapishie ukurasa huo mbele yako. Hesabu ikitimia wakati sehemu bado inafanya kazi vizuri, ofisi yenye mfuko mwembamba ina haki ya kusubiri dalili. Na chochote kitakachobadilishwa, sehemu ya zamani ibaki mezani kwako mpaka utakapotia saini.

Umeniuliza kama mnaibiwa. Chukua kalamu. Mita imetembea kutoka 398,210 hadi 421,010, yaani kopi 22,800 kwa miezi sita. Hizo ni 3,800 kwa mwezi. Mkataba unawalipisha 6,000. Kila mwezi mnalipia kopi 2,200 ambazo hazikuwahi kutoka. Kwa miezi sita ni 13,200, zaidi ya theluthi ya mlicholipa. Kila kopi halisi imewagharimu zaidi ya mara moja na nusu ya bei iliyoandikwa. Huo si wizi, kwa sababu mtu wa ofisi yenu alisaini. Ni kiwango kisicholingana na mnachotoa mwaka huu, na kinaendelea kwa kuwa hakuna aliyeangalia mita.

Kulipishwa kwa kopi ni jambo la zamani kama mashine zenyewe. Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza kwa njia hii ya umeme tuli na unga mwaka 1938, huko New York, lakini mashine iliyoufikisha uvumbuzi wake maofisini ilikuwa Xerox 914, ya mwaka 1959. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300 na ghali mno kwa ofisi nyingi kuinunua. Kwa hiyo ilikodishwa: malipo ya mwezi yenye kopi 2,000 ndani yake, na zinazozidi zinahesabiwa na mita. Biashara hiyo ilistawi kwa sababu watu walitoa kopi nyingi kuliko walivyokadiria. Ninyi mmekadiriwa zaidi ya mnavyotoa, basi mita ileile inafanya kazi upande wenu mkiitumia.

Rudi kwenye zile kurasa tisa na penseli. Tafuta kwanza aya inayosema kilichomo. Mikataba ya sevisi inatofautiana sana hapa. Mingine inabeba kazi ya fundi, spea, tona na dramu, karatasi tu ndiyo juu yenu. Mingine inabeba kazi ya fundi peke yake. Katikati kuna mikataba inayosema spea zimo, kisha mbele kidogo inazitoa dramu, fyuza na rola kwa kuziita "vifaa vinavyoisha kwa matumizi". Maneno hayo ndiyo ya kuyatafuta. Mwandikie fundi au kampuni yake, kwa barua au barua pepe, uulize ni aya ya ngapi inayoitoa dramu. Jibu la mdomo mlangoni halitoshi. Kwa kawaida bei ya kopi moja kwenye mkataba kama wenu hupangwa ikiwa na tona na spea ndani yake. Kama mnalipa kwa kopi, mnalipia na zisizotoka, halafu dramu mnunue wenyewe, waulize waziwazi hiyo bei ya kopi inanunua nini.

Kisha tazama zile saa 8. Zinasema fundi atafika. Hazisemi mashine itapona. Saa 8 za kazi ni siku nzima ya ofisi. Ukipiga simu saa sita mchana, anaweza kufika kesho saa sita na bado akawa ametimiza ahadi. Akifika na kusema spea inaagizwa, saa inakoma na ninyi mnangoja. Mkataba unaofaa unataja muda wa kufika, muda wa kupona, na mashine ya kuazima ikiwa matengenezo yatapita siku mbili tatu. Mngekuwa na hiyo aya ya mwisho, zabuni yenu ingetoka.

Angalia pia ukurasa wa A3, ulio mara mbili ya A4, unahesabiwaje. Kwenye mikataba mingi ni kopi mbili, na kwenye mashine nyingi mita yenyewe inaruka mara mbili. Angalia kama wanakuja kusoma mita au wanaikadiria. Mita ya kukadiria ni chanzo cha ugomvi usioisha, bora uwatumie picha ya kioo cha mashine kila mwisho wa mwezi. Na angalia kama mmekatazwa kutumia tona isiyo yao, maana kuna ofisi zilizonunua tona ya bei rahisi zikapoteza mkataba mzima.

Halafu kuna tarehe. Mkataba ukiisha Novemba 30, siku 90 kabla yake ni Septemba 1. Andika taarifa ya kutourefusha mwezi huu wa Julai, upate sahihi ya kupokelewa, ubaki na nakala. Kutoa taarifa hakuwazuii kuendelea nao. Kunawalazimisha kukaa nanyi mezani. Baada ya Septemba 1 hamna cha kuwaambia, watawasikiliza kwa adabu na kuwatumia ankara. Binti yangu, katika yote niliyokuandikia, hili ndilo lisilongoja.

Mezani pelekeni mambo matatu: kiwango cha chini kishuke hadi 3,500 au kihesabiwe kwa mwaka mzima ili miezi mizito ifidie miepesi, dramu na fyuza ziingie ndani, zitajwe kwa jina, na lile ongezeko la asilimia 10 lipungue. Ongezeko hilo linaonekana dogo kwa sababu linasemwa mwaka mmojammoja. Kwa mkataba wa miaka mitano bei inapandishwa mara nne, na mwaka wa tano bei imezidi ya mwaka wa kwanza kwa asilimia 46.

Ndiyo maana ile ofa ya miaka mitano inanitia hofu zaidi kuliko fyuza. Neno "kitaingizwa humohumo" maana yake ni kwamba mtalipa deni la mkataba wa zamani ndani ya malipo ya mashine mpya, kwa miaka mitano, pengine na riba juu yake, bila kuliona limeandikwa peke yake. Mwombe mtu wa mauzo alitenge: kiasi kilichobaki, malipo ya mashine, malipo ya sevisi, kila kimoja na mstari wake. Ukodishaji na sevisi vikae kwenye mikataba miwili, ili sevisi ikiwa mbovu muweze kuiacha bila kuvunja ukodishaji. Uliza nani analipa usafirishaji wa kuirudisha muda ukiisha. Na kabla ya sahihi yoyote, mwanasheria wa ofisi ausome. Mtu wa mauzo akikataa kuandika mambo hayo, una jibu lako.

Je, mtengeneze au mnunue? Kwa kopi 3,800 kwa mwezi, mashine yenu ya miaka sita haifanyishwi kazi ya punda. Kama mstari utaondoka kwa kitambaa, Jumatatu zitatulia kwa karatasi kavu na rola mpya, na kinachobaki ni dramu peke yake, mimi ningeitengeneza bila kusita, ningeitumia mwaka mmoja au miwili zaidi. Ningesimama tu iwapo spea zake zimeanza kuwa adimu, kwa maana mashine isiyo na spea haina bei. Theluthi mbili ya bei ya mashine iliyotumika ni nyingi mno, ukweli huo haupingiki, lakini makadirio hayo yana fyuza ndani yake. Mwambie ayagawe, dramu na kazi yake upande mmoja, fyuza na kazi yake upande mwingine. Kuhusu kununua iliyotumika, usidanganyike na mwili unaong'aa. Omba ukurasa wa mita na wa hesabu za sehemu kabla hujatoa hata senti moja.

Siku mashine hii itakapoondoka, iwe leo au baadaye, kumbuka ina diski ndani ikiwa ni ya aina inayohifadhi kazi. Kila hati ya mishahara, kitambulisho na mkataba uliopita juu ya kioo unaweza kuwa umeacha picha yake humo. Mwaka 2013 shirika moja la bima ya afya nchini Marekani lililipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski, zikiwa na taarifa za wagonjwa. Dai ifutwe au itolewe, na upewe karatasi inayothibitisha.

Nimebakiza bosi na wenzako, na nimefanya hivyo makusudi, kwa kuwa ulipoandika kwamba jina lililotajwa lilikuwa lako niliona hapo ndipo panapouma. Fundi amekuja mara tano na huwezi kuniambia alibadili nini mara ya pili. Hilo si kosa lako peke yako, ofisi nzima haikuandika. Tundika daftari kwa kamba kwenye mashine leo. Tarehe, namba ya mita, imekwama wapi au imeonesha namba gani, nani amefanya nini. Zile karatasi tano ulizosaini, omba nakala zake kwenye kampuni yao uzinakili humo. Usishangae ukikuta rola iliyobadilishwa Februari imebadilishwa tena Aprili; ukikuta hivyo, uliza dhamana ya ile ya kwanza.

Kisha mwombe bosi dakika kumi, mkiwa wawili. Usianze na mlinzi wala na zabuni. Mwekee karatasi moja yenye namba tatu: kopi tunazotoa, kopi tunazolipia, na tarehe ya Septemba 1. Mwenye fedha akiona kopi 13,200 alizolipia hewa, hatauliza tena nani mzembe, atauliza afanye nini. Hapo ndipo umwombe umeme wa mashine uachwe usiku kama fundi atathibitisha kipasha joto kipo. Na kwa kazi yoyote yenye saa ya mwisho, kopi zitolewe siku moja kabla, na mjue mapema ni wapi mtakimbilia mashine ikigoma. Hiyo si kazi ya mtunza funguo peke yake, mwambie aitangaze kikaoni yeye mwenyewe, palepale jina lako lilipotajwa.

Hizo nukta, ukishazipima kwa rula, niandikie umbali wake na aina ya mashine. Tutajua kama ni dramu kabla fundi hajarudi.